Nani Anaisemea Picha? Kutoka Santuri za Vugiri hadi Slaidi za Nyakabindi

Mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza wachache walianza kazi ambayo hadi leo haina nafasi kubwa katika historia tunayofundishwa shuleni. Walikuwa wanatengeneza filamu za kuwaonesha Waafrika wa vijijini. Mradi wenyewe uliitwa Bantu Educational Kinema Experiment, jina ambalo ukilitamka mara mbili mdomo unachoka. Fedha kubwa zilitoka Carnegie Corporation ya Marekani, na usimamizi ulikuwa wa Baraza la Kimataifa la Wamisionari. Meja L. A. Notcutt alishika kamera na mitambo, G. C. Latham akashika upande wa elimu. Mpaka mradi unafungwa mwaka 1937, walikuwa wametoa filamu fupi 35: minyoo ya safura, kodi, akiba ya posta, ufugaji, mashamba ya Kingolwira kule Morogoro.

Mimi kilichonivuta katika habari hii ni sauti kuliko picha.

Filamu za Vugiri zilikuwa za milimita 16 na hazikuwa na sauti ndani yake. Sauti ilikaa pembeni, kwenye santuri. Msimulizi alisomea maelezo yake studio, sindano ikachimba mifereji kwenye sahani, kisha sahani ile ikasafirishwa kwenye lori pamoja na filamu, projekta na jenereta. Wakifika kijijini, fundi mmoja anawasha projekta, mwingine anashusha sindano, na wote wawili wanaomba Mungu vitu hivyo viwili viende pamoja mpaka mwisho. Filamu ikikatika na kuungwa kwa kupunguza kipande, basi tena: picha inatangulia, sauti inabaki nyuma. Ng'ombe kashafika joshoni, msimulizi bado anamtoa zizini.

Kwa nini wajitese namna hiyo wakati sinema za Marekani na Ulaya zilikuwa zimeshaanza kuongea zenyewe? Sababu moja ni gharama. Sababu ya pili ndiyo inayonihusu mimi ninayeandika haya nikiwa Bariadi: kwa santuri, filamu ileile iliweza kuongea lugha nyingi. Ukibadilisha sahani, umebadilisha lugha. Walirekodi kwa Kiingereza, Kiswahili, Kikuyu, Kijaluo, Kiganda, Kinyanja, Kibemba, Kitumbuka. Na Kisukuma.

Ndiyo, msomaji wangu. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, kabla ya uhuru, kabla hata Simiyu haijawa jina la mkoa (ilikuwa mto tu unaotiririka kwenda Ziwa Victoria), kulikuwa na mashine iliyokuwa ikisimulia picha kwa Kisukuma. Swali nililokaa nalo kwa miaka kadhaa ni hili: ile sauti ilikuwa inasema maneno ya nani?

Kabla ya kulijibu turudi nyuma kidogo, maana ndoa ya picha na sauti katika sehemu zetu haikufungiwa Vugiri. Januari 1854, David Livingstone alikuwa kwa chifu Shinte wa Walunda. Alikuwa na taa ya kuoneshea picha, kile kisanduku chenye mwanga na lenzi kinachotupa picha ya kioo ukutani au kwenye shuka. Picha ya kwanza ilikuwa ya Ibrahimu akiwa ameinua kisu juu ya Isaka. Livingstone mwenyewe ameandika kwamba wanawake walisikiliza kwa utulivu, lakini alipoanza kuichomoa picha, kisu kikaonekana kama kinawaendea wao, wakatimua mbio huku wakiita mama zao. Wanaume walibaki. Akaongeza kwamba hiyo ndiyo njia pekee ya kufundisha ambayo watu walimsihi airudie.

Tukio hili husimuliwa kama kichekesho, eti angalia watu walivyokimbia picha. Lakini hebu litazame kwa jicho la msimulizi. Ile taa ilikuwa na picha tu. Kwamba mzee yule ni Ibrahimu, kwamba yule kijana ni mwanawe, kwamba kisu hakitashuka, yote hayo yalikuwa mdomoni mwa mtu aliyesimama kando ya taa na mkalimani wake. Bila sauti, ile ni picha ya mzee anayetaka kumchinja mtoto. Mimi ningekimbia pia.

Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda kitengo chake cha filamu za makoloni, na aliyekiongoza alikuwa William Sellers, ambaye kabla ya hapo alifanya kazi ya afya Nigeria. Sellers aliamini kwamba Mwafrika wa kijijini lazima aoneshwe picha za polepole, zisizorukaruka. Na aliamini sana katika msimulizi wa papo kwa papo, mtu anayesimama na maikrofoni karibu na skrini na kuwaeleza watu kwa lugha yao wanachokiona. Baadaye ikatokea ile hadithi maarufu ya kuku. John Wilson wa Chuo Kikuu cha London alisimulia kwamba filamu ya usafi, ya kuonesha namna ya kuondoa maji yaliyotuama, ilioneshwa kwa watu thelathini na kitu. Walipoulizwa wameona nini, wakajibu: kuku. Waliotengeneza filamu hawakujua hata kama mna kuku. Ilibidi waipitie tena picha kwa picha, ndipo wakamwona amekatiza pembeni kwa sekunde moja. Marshall McLuhan aliichukua hadithi hiyo akaitia katika kitabu chake cha 1962, nayo ikazunguka dunia nzima kama ushahidi kwamba watu wasiosoma hawajui kutazama picha.

Kwangu mimi ushahidi ule unaelekea upande mwingine. Watu wale walijua kutazama vizuri mno, mpaka wakamwona kuku ambaye mpiga picha mwenyewe hakumwona. Walichokosa ni habari ya kwa nini bwana afya anahangaika na makopo. Picha ikiachwa bila msemaji, kila mtu anachukua chake. Ndiyo maana watawala waliwekeza sana kwenye sauti. Kamera inaonesha, lakini maikrofoni ndiyo inayoamua kilichooneshwa ni nini.

Wajapani walilijua hili mapema. Enzi za sinema bubu walikuwa na wasimulizi walioitwa benshi, na watu walinunua tiketi kwa sababu ya msimulizi kama walivyonunua kwa sababu ya nyota wa filamu. Kaka yake Akira Kurosawa, Heigo, alikuwa mmoja wao. Filamu zilipoanza kuongea, kazi ile ikafa, na Heigo akajiua mwaka 1933. Yaani mtu anaweza kuuawa na kipande cha waya kinachounganisha sauti na picha.

Kwetu Tanganyika, miaka ya mwanzo ya 1950, kijana mmoja aliyefanya kazi katika sinema za serikali aliigiza kama mhusika mkuu katika filamu ya Kiswahili iliyoitwa Muhogo Mchungu. Jina lake Rashidi Kawawa. Mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu. Sidhani kama ni bahati tu. Mtu aliyezunguka na gari la sinema ameshajifunza jambo ambalo wanasiasa wengi hawalijui: umati wa watu gizani unasikiliza zaidi kuliko unavyotazama.

Baada ya uhuru serikali yetu ilichukua somo hilo na kuligeuza. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Ilidumu wiki 12 na kuwafikia watu takriban milioni 2. Utaratibu ulikuwa hivi: vikundi vilikutana kijijini, redio inawekwa katikati, kila kikundi kina kijitabu, sauti kutoka Dar es Salaam inaeleza, watu wanafuata kwenye kitabu, kisha redio inazimwa na mjadala unaanza. Vyoo vikachimbwa, majani yakafyekwa. Ukiangalia kwa makini, lile lilikuwa wasilisho lenye sauti iliyorekodiwa. Kurasa za kijitabu zilikuwa slaidi, redio ilikuwa spika, na aliyefunua ukurasa ni mwananchi mwenyewe. Kilichoongezeka kuliko Vugiri ni ule mjadala. Sauti ikimaliza, watu nao wanasema.

Ila sauti ile ilikuwa ya Kiswahili tu. Taifa lilikuwa linajengwa, na lugha moja ilikuwa tofali lake kubwa. Sina ugomvi na hilo. Hata makala haya naandika kwa Kiswahili, na wewe wa Lamu au Bukavu unanisoma. Lakini ni vizuri tukumbuke kwamba gharama ipo. Bibi wa Itilima aliyesikia santuri ya Kisukuma akiwa msichana mwaka 1936, mwaka 1973 alihitaji mjukuu wa kumtafsiria redio.

Sasa tuje kwenye kompyuta. Kabla yake kulikuwa na slaidi za filamu na kanda. Kanda ndogo ya kaseti ilitolewa na Philips mwaka 1963, na Kodak walikuwa wameshatoa projekta yao ya duara mwaka 1961. Ukiviweka pamoja, unapata kipindi kizima cha picha na maelezo: kaseti inaongea, kisha unasikia mlio, ting, ndipo mwalimu anabonyeza kitufe picha ibadilike. Zile bora zaidi zilikuwa na ishara isiyosikika iliyobadilisha picha yenyewe. Ni shida ileile ya Vugiri kwa sura nyingine: namna gani sauti na picha zisiachane njiani.

Mwaka 1987 ilitoka PowerPoint, programu ya kazi ya Robert Gaskins na Dennis Austin, kwanza kwa kompyuta za Macintosh, na mwaka huohuo Microsoft wakainunua kwa dola milioni 14. Baadaye ikaongezwa uwezo wa kurekodi sauti ya msimulizi. Watu wengi wanaitumia programu hii kila siku bila kugusa sehemu hiyo, na wanaoigusa huiona ni kitu kidogo: unafungua wasilisho, unaenda sehemu ya kurekodi, unaongea, unabadilisha slaidi, unaongea tena. Sauti inakaa ndani ya kila slaidi na muda wake unahifadhiwa, na ukitaka wasilisho lijiendeshe na kujirudia lenyewe kutwa nzima, linajirudia.

Nilipoanza kuitumia mimi, kilichonishangaza ni hilo neno "kila". Sauti haiwekwi kama uzi mmoja mrefu juu ya kazi nzima. Kila slaidi ina sauti yake, peke yake, na unaweza kufuta ya slaidi ya saba bila kugusa ya sita wala ya nane. Kwa fundi wa Vugiri hiyo ingekuwa miujiza, maana kwake kikohozi kimoja kingeharibu upande mzima wa santuri. Mimi nikaliona jambo jingine: kama kila slaidi ina sauti yake, basi kila slaidi inaweza kuwa na mtu wake.

Nieleze kazi yenyewe. Kuanzia 2018 maonesho ya Nane Nane ya kitaifa yalifanyika Nyakabindi, hapa Bariadi. Nani asiyejua vumbi la Nyakabindi wiki ya kwanza ya Agosti? Mabanda yamepangana, spika zinashindana, mtu anatembea na chaki za Maswa mkononi na katoni ya maziwa ya Meatu kwenye begi. Mwaka 2019 kikundi kimoja cha wakulima kilipata nafasi ndani ya banda la watu wengine, na mimi nikaombwa kuwatengenezea wasilisho kuhusu historia ya pamba katika sehemu zetu. Slaidi 18, dakika kama kumi, lijirudie lenyewe kwenye televisheni ya bandani ili wenye banda wasikaukiwe koo kwa kueleza kilekile mara mia.

Wenye banda walikuwa na sharti moja: sauti iwe "ya kitaalamu". Maana yake, kama mlivyoelewa, ni sauti ya mwanamume, Kiswahili cha taarifa ya habari, bila lafudhi ya Kisukuma. Walisema sauti yangu inafaa.

Tulirekodia kwenye ghala la chama cha msingi, AMCOS kama tunavyosema siku hizi. Sikuchagua pale kwa mapenzi ya historia. Nyumbani kwangu kuna bati, na bati ni adui. Upepo ukivuma linapiga kofi, kunguru akitua unamsikia kucha. Ofisini kuna mwangwi, ukisema "pamba" ukuta unakujibu "amba". Lakini ghala mwezi wa saba limejaa pamba mbegu mpaka kifuani, na pamba inameza sauti kuliko godoro lolote. Ukisimama katikati na kuongea, neno linatoka mdomoni na kufa palepale, safi, bila mkia. Nikaweka kompyuta mpakato mbali kidogo ili feni yake isiingie, nikavaa maiki ya kichwani ya kuazima, simu zote zikazimwa. Jambo moja dogo kwa atakayejaribu: programu ile hairekodi wakati slaidi moja inapopisha nyingine, kwa hiyo nyamaza sekunde moja kabla ya kubadilisha na sekunde moja baada yake, la sivyo neno lako la mwisho litakatwa shingo.

Pamoja nami alikuwepo mama mmoja wa kikundi, mzee, ambaye wenzake walimtuma asikilize nisije nikasema uongo. Alikuja asubuhi na kitenge chake cha kukalia.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimu.

"Mwangaluka, mwanangu. Haya, sema tukusikie."

Nikasema. Slaidi ya kwanza mpaka ya tano zilikwenda vizuri. Habari za mbegu, za mvua, za vyama vya ushirika vya miaka ya 1950 na Paul Bomani aliyewaunganisha wakulima wa Kanda ya Ziwa wauze pamba yao wenyewe. Mama akawa anatikisa kichwa kukubali. Kumsikia Bomani akatabasamu.

Slaidi ya sita ilikuwa picha ya zamani, nyeusi na nyeupe: watu wamejipanga shambani na majembe, wanakata matuta, na bwana mmoja mwenye kofia amesimama pembeni, mikono kiunoni. Maelezo niliyopewa na wenye banda niyasome yalisema ni wakulima wakifundishwa kilimo bora. Nikayasoma kwa ile sauti yangu ya kitaalamu.

Mama akainua mkono. "Hapo rudia."

Nikadhani nimekosea matamshi. Nikarudia.

"Nani anafundishwa?" akauliza.

"Wakulima, mayu. Hao kwenye picha."

Akaisogelea kompyuta mpaka mwanga ukamwangaza usoni. Kisha akaanza kusema kwa Kisukuma, polepole, kama mtu anayesoma. Alisema yeye alikuwa binti mdogo. Alisema matuta yale yalikuwa amri. Usipokata tuta na kulifunga katikati kama walivyotaka, unaitwa barazani, unatozwa. Alisema baba yake alitozwa faini, na faini ile ililipwa kwa mbuzi ambaye yeye ndiye alikuwa akimchunga, na mbuzi huyo alikuwa na jina. Alilitaja jina. Akasema watu kwenye picha wanakata tuta, ndiyo, lakini ukiangalia hakuna hata mmoja anayemtazama yule bwana.

Nikaangalia. Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeitazama picha ile kwa wiki mbili, nikaisafisha, nikaikuza, nikaipanga katikati ya slaidi, na sikuwahi kuona macho yao yalikoelekea. Yeye alimwona kuku.

Historia inamuunga mkono. Mwishoni mwa miaka ya 1940 na nusu ya kwanza ya miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilikuwa na mpango mkubwa wa maendeleo Usukuma, wenye sheria za namna ya kulima, za matuta, za kupunguza mifugo, na adhabu kwa asiyezifuata. Chuki dhidi ya sheria hizo ni mojawapo ya mambo yaliyoifanya TANU ipokewe haraka katika sehemu hizi, na mwaka 1958 upande wa Geita watu waliandamana kuupinga utawala. Haya yameandikwa vitabuni. Lakini vitabuni hakuna mbuzi mwenye jina.

Sasa ningefanya nini? Njia rahisi ilikuwa kurekebisha maelezo yangu: badala ya "wakifundishwa" niseme "wakilazimishwa", kisha tuendelee. Nilipomwambia hivyo akakubali kwa adabu, kama wazee wanavyokubali jambo ambalo hawajaliridhia. Ndipo nikavua maiki nikamvika yeye. Nikafuta sauti ya slaidi ya sita, ya sita peke yake, nikamwomba aseme tena kama alivyosema. Akauliza, "Kwa Kiswahili?" Nikamwambia kwa namna anayotaka. Akasema kwa Kisukuma. Sekunde 70. Chini ya picha nikaandika tafsiri ya Kiswahili.

Alipomaliza nilimchezea asikilize. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema "wabeja", halafu akaomba slaidi nyingine.

Kufikia jioni alikuwa na slaidi tatu. Mbili zilizobaki zilikuwa za nyimbo za kulimia, na hapo ndipo nilipojua kwamba nimekuwa nikiita "usimulizi" kitu ambacho watu wangu wana sanaa yake kamili. Usukuma ni nchi ya sauti. Hugh Tracey alipopita Tanganyika mwaka 1950 na mitambo yake, Wasukuma walikuwa miongoni mwa aliowarekodi. Frank Gunderson amechapisha kitabu kizima cha nyimbo za kazi za Wasukuma, mwaka 2010. Katika ngoma za Bagika na Bagalu, ningi, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, hasimulii tu kilichotokea, anakipa upande. Mshindani wake kwenye uwanja wa pili anakipa upande mwingine. Watu wanasikia pande zote mbili, kisha wanachagua wapi pa kusimama. Hakuna "sauti ya kitaalamu" hapo.

Tena sisi Waswahili wa mjini tusijidai. Nani aliyekulia kwenye vibanda umiza asiyemjua Lufufu? Derek Mukandala, kwa jina hilo la Lufufu, alichukua filamu za Kihindi, za Kichina na za Hollywood akaziwekea sauti yake ya Kiswahili, akaeleza, akachombeza, akamkaripia adui na kumuonya mpenzi. Kenya wana DJ Afro, Kampala wana VJ Jingo. Wataalamu wa ubora wa sauti watacheka. Lakini kazi wanayofanya hawa ni ileile ya mtu wa maikrofoni enzi za Sellers, na tofauti iko kwa mwenye maneno. Msimulizi wa Sellers alipewa karatasi. Lufufu hakupewa karatasi na mtu.

Hapo ndipo jibu la swali langu la mwanzo linaponielekea. Santuri ya Kisukuma ya Vugiri ilikuwa Kisukuma kwa lugha tu. Maneno yalikuwa ya waliotengeneza filamu. Yalitafsiriwa, yakasomwa, yakachimbwa kwenye sahani. Msukuma alisikia lugha yake ikimwambia habari za kodi. Kurekodi kwa lugha ya mtu na kumrekodi mtu ni kazi mbili tofauti, na kwa miaka mingi tumeridhika na ya kwanza.

Mtauliza wenye banda walisemaje. Walipolisikia wasilisho siku moja kabla ya maonesho, mmoja wao alisema slaidi ya sita inaleta siasa, na nyingine mbili haziendani na ubora. Wakataka nirudishe sauti yangu. Tulibishana, na mimi sikuwa na hoja kubwa ya kinadharia. Niliwaambia tu kwamba muda umeisha na ghala limeanza kupakiwa, pamba inaondoka kwenda kiwandani, hakuna tena pa kurekodia. Hilo lilikuwa kweli. Pamba ilikuwa inaondoka kweli. Wakakubali ziende slaidi mbili, ile ya sita na moja ya wimbo. Ya tatu ikabaki kwenye kompyuta yangu, ipo hadi leo.

Kwenye banda nilisimama nyuma ya watu, siku mbili. Sauti yangu ilipokuwa inasema, watu walipita, wakasimama kidogo, wakaangalia bei ya mbegu ukutani, wakaenda zao. Ilipofika slaidi ya sita, sauti ya mama ikatoka kwa Kisukuma kwenye zile spika, na wazee waliokuwa wanapita nje waligeuka. Wakaingia. Mmoja alianza kumjibu, kwa sauti, kama vile yumo bandani. Alisema kwao haikuwa mbuzi, ilikuwa ndama. Mwingine akasema hapana, matuta yale yalizuia maji vizuri, tatizo lilikuwa ubabe tu. Wakabishana mbele ya televisheni mpaka slaidi ya tisa, na mimi nikawa naongea peke yangu kwenye slaidi ya saba na ya nane bila msikilizaji.

Nikaikumbuka Mtu ni Afya: redio inazimwa, mjadala unaanza. Tofauti ni kwamba hapa hakuna aliyeizima redio. Ni wao waliacha kuisikiliza kwa sababu walikuwa wamepata cha kusema.

Simwambii mtu kwamba kitufe cha kurekodia kitaokoa historia ya Usukuma. Faili hupotea, kompyuta huibiwa, na programu ya leo baada ya miaka ishirini huenda isifunguke, kama ambavyo kati ya zile filamu 35 za Vugiri, zinazojulikana kuwa bado zipo ni chache sana. Lakini kwa sasa chombo kipo, kiko kwenye mashine ambayo karibu kila shule ya sekondari na kila ofisi ya kata inayo au inaweza kuiazima, na hakihitaji Carnegie wala lori. Picha za zamani zipo pia, kwenye makabati ya vyama vya msingi, misheni, na kuta za sebule zetu. Kinachopungua kila mwaka ni watu wanaojua waliomo kwenye picha walikuwa wanatazama wapi. Wengi wao wana miaka themanini sasa, na hawajawahi kuulizwa, kwa sababu sauti zao hazikuonekana za kitaalamu.